Jumba likishaungua, nani atarudi kulala ndani?

Atokaye mjini Unguja akashika njia ya kaskazini, bahari ikiwa mkono wake wa kushoto, hamalizi kilomita nne kabla hajafika Marhubi. Hapo atakuta safu za nguzo nene za mawe zimesimama wima, hazina dari wala paa la kubeba. Kando yake ipo hamamu yenye kuba, mabirika ya maji, na miembe. Wageni hupiga picha wakaenda zao. Wenyeji wengi hupita bila ya kugeuza shingo, maana jicho limekwisha zoea.

Jumba hilo lilijengwa na Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888, likamalizika 1882 kuwa makao ya masuria wake. Mwaka 1875 alikuwa amezuru Uingereza, na yasemekana kwamba huko ndiko alikoyaona mashamba ya mabwana wakubwa: nyumba moja katikati, miti mikubwa na majani pande zote, na ukuta wa kuyazingira yote hayo. Aliporudi akataka na yeye awe na bustani ya namna hiyo, ila yake iwe ufukoni, na badala ya mialoni iwe na miembe. Chini akajenga kwa mawe, juu akajenga kwa mbao, na baraza pana ya ghorofani ikabebwa na nguzo hizo tuzionazo leo.

Mwaka 1899 jumba likashika moto. Mbao zilikwisha kwa moto, na marumaru za hamamu zikaondoka kwa mikono ya watu. Tangu hapo hapana aliyelala Marhubi.

Nataka msomaji asimame kidogo hapa, kwa sababu watu wengi husimulia habari hii kama kwamba moto ndio uliolimaliza jumba. La hasha. Moto ulikula kile kiwezacho kuliwa na moto. Nguzo ulizishindwa, kuta ulizishindwa, na kuba za hamamu zimesimama zaidi ya miaka 120 baada ya siku ile. Lililokosekana ni mtu wa kurudi. Sayyid Barghash alikuwa amekufa miaka 11 kabla ya moto. Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890, na Sultani wa wakati huo, Sayyid Hamoud bin Muhammed, aliketishwa katika kiti mwaka 1896 baada ya manowari za Kiingereza kulipiga mizinga kasri la mjini. Ufalme wa namna hiyo haukuwa na haja ya jumba jingine la shamba, wala haukuwa na mfuko wake wa kuchezea. Marhubi haikuwa nyumba ya watu wenye kusema, 'Hapa ndipo alipozaliwa mama yetu, lazima paezekwe kabla ya mvua.' Ilikuwa mali ya cheo, na cheo kilikwisha nyong'onyea.

Sasa tuliangalie jiwe lenyewe, maana maneno mengi husemwa juu ya majumba yetu na watu wasiowahi kushika mwiko wa mwashi. Kuta za Unguja, Lamu, Mombasa na Pate ni za matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa. Tumbawe na chokaa ni kitu kimoja katika hali mbili. Tukitaka chokaa twalipanga jiwe juu ya kuni, twaliwasha tanuri mpaka joto lifikie kiasi cha digrii 900 za sentigredi, kisha twalimwagia maji, nalo lachemka, lapasuka na kuwa unga mweupe. Nyumba ikiungua, ukuta wenyewe huingia katika tanuri. Lakini moto wa nyumba si mrefu kama wa tanuri, na ukuta wa nusu mita haupitishi joto upesi; basi kinachogeuka chokaa ni uso wa ukuta, unene wa kidole au viwili. Kesho yake ukitazama utaona lipu imebambuka, zidaka zimekatikakatika, mawe yamekuwa mekundu hapa na meusi pale, na utadhani yote yamekwisha. Gonga kwa nyundo ndani zaidi: jiwe lalia sawasawa.

Boriti ndizo zisizopona. Dari zetu hubebwa na miti ya mikoko iliyopangwa karibu karibu, na kwa kuwa boriti haiwezi kubeba uzito mkubwa ikizidi kiasi cha mita tatu, ndiyo sababu vyumba vya kale vya Lamu ni virefu na vyembamba. Boriti zikiungua, sakafu ya juu hushuka na uzito wake wote, na kuta mbili zilizokuwa zikishikwa nazo hubaki zikitazamana bila ya kushikana. Pande zote mbili hubaki safu ya matundu meusi. Hapo ndipo adui wa kweli anapoingia, naye ni maji. Mvua ya kwanza huuzimua uso uliokuwa chokaa, ukavimba na kumomonyoka. Mvua ya pili huingia katika matundu na katika kichwa cha ukuta kilichokuwa kikifunikwa na sakafu, ikashuka hadi moyoni mwa ukuta ambako mna kifusi na udongo. Mwaka wa tatu ukuta huanza kutoa tumbo. Kisha ndege huleta mbegu ya mtini, mzizi ukatafuta njia. Kwenye magofu ya Gede, karibu na Malindi, kila mtu amekwisha ona mizizi iweza kufanya nini.

Kwa hiyo nyumba ya mawe iliyoungua ina muhula. Siwezi kuuhesabu kwa siku, lakini ni masika mawili au matatu, si zaidi. Ndani ya muhula huo yatengenezeka kwa fedha ya watu wa kawaida. Ukipita, itahitaji fedha ya Serikali au ya kabaila.

Hao Waingereza ambao Sayyid Barghash aliyaona mashamba yao wamepatwa na misiba hii mara nyingi. Nitataja mitatu, kwa kuwa kila mmoja ulikwenda njia yake. Nyumba ya Uppark, katika jimbo la Sussex, iliungua tarehe 30 Agosti 1989. Mafundi walikuwa juu wakitengeneza paa la risasi, kazi ikikaribia kwisha, na ule moto wao wa kuyeyushia ndio uliokamata mbao. Nyumba ilikuwa mikononi mwa shirika la urithi la National Trust, lakini ghorofani wakiishi watu wa familia iliyoitoa. Watu wakapanga mstari wakitoa vyombo mkono kwa mkono. Baadaye kifusi kilikusanywa mapipani na kuchekechwa kipande kwa kipande, na kwa kuwa mafundi wa kufinyanga mapambo ya lipu kwa mkono walikuwa wameadimika, ilibidi watu wafundishwe upya. Mwaka 1995 nyumba ikafunguliwa tena.

Clandon Park, katika jimbo la Surrey, nayo ni ya shirika lile lile. Iliungua tarehe 29 Aprili 2015, chanzo kikiwa ni ubao wa umeme uliokuwa na kasoro chini ya nyumba. Bima ilikuwepo. Hata hivyo mwaka 2022 shirika likatangaza kwamba halitarudisha vyumba kama vilivyokuwa, bali litalihifadhi gamba lake ili watu waingie na kuona jinsi nyumba ilivyojengwa. Wapo walionung'unika. Mimi nawaelewa wenye shirika: ilikuwa nyumba ya kuzuriwa, wala hapakuwa na mtoto aliyekuwa akingoja kurudi kitandani kwake.

Ya tatu yanipendeza kuliko zote. Astley Castle, katika jimbo la Warwickshire, iliungua mwaka 1978 ilipokuwa hoteli, ikakaa ukiwa kiasi cha miaka 30 huku kuta zikianguka. Shirika jingine likaamua lisijaribu kuirudisha ilivyokuwa, wala lisiiache gofu. Ndani ya kuta zilizosalia likajenga nyumba mpya ya matofali na mbao, mpya ikiishika kuukuu isianguke, na tangu 2012 watu hukodi wakalala humo na watoto wao. Mwaka 2013 kazi hiyo ilipewa zawadi ya Stirling, ambayo ndiyo kubwa kwa wachoraji majengo wa huko. Na sisi hapa Kenya tunayo Treetops ya Aberdare, iliyojengwa mwaka 1932, ikachomwa moto 1954 wakati wa vita vya Mau Mau, na mwaka 1957 ikasimama tena, kubwa kuliko mwanzo. Kilichoirudisha ni wageni na fedha yao.

Lakini je, ya kwetu yatarudishwa na nani? Mji wa Lamu uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Unguja, na sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba watu hawajaacha kuishi humo kwa zaidi ya miaka 700. Angalia vizuri neno hilo. Hawakusifiwa kwa kuwa na magofu, magofu yako Takwa na Shanga. Walisifiwa kwa kuwa mna moshi wa jikoni, mna madrasa, mna jeneza litokalo mlangoni na bibi arusi aingiaye. Nyumba ya Lamu ikiungua na wenyewe wasirudi, mji umepungua sifa ile ile iliyoandikiwa, hata kama kuta zitatiwa nguzo na kupigwa rangi.

Na kikwazo cha kurudi, kwa maoni yangu, si moto, wala si chokaa. Ni hesabu. Chukua mfano wa nyumba moja ya kawaida. Baba amefariki, wazazi wake walikwisha tangulia, ameacha mke, wana watatu wa kiume na wawili wa kike. Mke ana thumni. Zinazobaki saba kwa nane zinagawanywa mafungu manane, kila mwanamume mawili, kila mwanamke moja. Ukiiweka hesabu nzima pamoja, nyumba ina mafungu 64: mama 8, kila kijana 14, kila binti 7. Hiyo ni sheria ya Mwenyezi Mungu na hapana wa kuikosoa. Lakini mara nyingi hatuitekelezi. Twaiacha nyumba kwa jina la marehemu miaka 20, 'tusije tukamvunja moyo mama', hata mama naye akafariki, na kijana mmoja naye akafariki akaacha wake na watoto, na 64 zikawa mamia. Nyumba ikishika moto usiku mmoja, asubuhi yake mwenye nyumba ni nani? Binti aliyeolewa Mombasa mwenye mafungu 7 ataambiwa achangie boriti za nyumba asiyolala? Na kijana aliye Maskati, anayeweza kulipa yote, atalipa yote apate mafungu 14? Kila mmoja husema kweli, na huku mawingu yanakusanyika.

Hapo ndipo hutokea mnunuzi. Tangu miaka ya 1970 wageni wamekuwa wakinunua nyumba za mawe za Lamu na Shela, na nyumba iliyoungua hununuliwa kwa bei ya kifusi. Sina ugomvi na mgeni. Baadhi yao wamezitengeneza kwa chokaa na boriti, kwa uangalifu kuliko wenyewe tulio na simiti. Ila nyumba iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu ajaye wiki tatu kwa mwaka haina jikoni iliyo moto, na sabule yake haipokei wageni wa msiba.

Dawa zipo, na si ngeni kwetu. Warithi waweza kuhesabiana mbele ya Kadhi na kukubaliana, mmoja akawanunua wenzake kwa fedha au kwa shamba. Wanazuoni huita takharuj. Mwenye nyumba aweza pia, angali hai, kuifanya wakfu kwa kizazi chake, isiuzwe. Lakini nionye: wakfu usio na mapato ni nyumba isiyo na mtu wa kununua hata misumari. Nyumba ngapi za wakfu twazijua, wapangaji wake wakilipa kodi ya kale, na fundi hajakanyaga humo tangu zamani? Anayeweka wakfu nyumba ya kulala na aweke nayo duka, au minazi, ya kuitunza.

Yabaki fedha. Muingereza alikuwa na bima, na Waislamu wengi tuliikimbia bima kwa kuogopa riba na gharari, jambo ambalo wanazuoni wetu wengi walilifundisha. Lakini tangu mwaka 2011 Kenya ina takaful, watu wakichangiana ili kumsaidia aliyepatwa, na benki za Kiislamu zilianza hapa 2008. Udhuru umepungua. Kinachosalia ni kwamba benki huuliza hati, na hati ina jina la marehemu. Twarudi pale pale kwenye 64.

Tuseme basi wenyewe wamekubaliana na wamepata kitu. Watengeneze vipi? Kosa kubwa ni kukimbilia simiti. Ukuta wa tumbawe hupumua. Huvuta unyevu na chumvi, ukautoa. Ukiupaka simiti umeuziba pua, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu mpya, na baada ya miaka michache lipu hutoka vipande vipande na jiwe juu yake. Chokaa ni laini na ni ya polepole, yahitaji kulowekwa na kungojwa, na sakafu yake hupondwa kwa siku nyingi. Ndiyo maana fundi wa siku hizi haipendi. Boriti nazo zina habari yake. Mwaka 2018 Serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na wakataji wa mikoko wa Lamu wakapata taabu kabla ya kuruhusiwa tena. Mikoko yapasa kulindwa, hilo sikatai, lakini nyumba isiyopata boriti hupewa chuma na zege, na zege juu ya ukuta uliopikwa ni mzigo usiostahili. Matundu ya boriti za kale yapo tayari. Yasafishwe, yatiwe boriti mpya zile zile sehemu zake, na kuta zitashikana tena.

Halafu kuna jambo ambalo wahifadhi hawapendi kulisikia. Familia ya leo si ya mwaka 1780. Wataka choo cha maji ndani, wataka friji, wataka chumba cha kijana anayesomea mtihani. Msana na ndani, zilivyopangwa moja nyuma ya nyingine kwa kuhifadhi sitara, zilifaa watu wa kale. Mke wa leo ataka dirisha jikoni. Ofisi ya uhifadhi ikimkatalia kila kitu atahamia nyumba ya matofali nje ya mji, na hapo kila kitu kimehifadhika isipokuwa watu. Astley yatufundisha kwamba kipya chaweza kukaa ndani ya kikuukuu, kionekane kuwa ni kipya, na wala kisiwe aibu. Zidaka zilizopona zibaki na alama ya moto juu yake. Zilizoanguka, kwa nini tuzighushi? Pawekwe rafu ya mbao, mtoto aweke vitabu.

Na waya za umeme zitazamwe. Mtume (s.a.w.) alipoambiwa kwamba nyumba imewaungukia watu wake usiku Madina, aliwaonya watu wauzime moto kabla ya kulala. Siku hizo ulikuwa moto wa taa. Siku hizi umo ukutani, katika waya moja iliyofungiwa vifaa kumi, chini ya dari ya mbao kavu za miaka 200, na juu yake pengine ghorofa ya makuti. Njia za Lamu hazipitishi gari la zimamoto. Kwa miaka na miaka msaada wa kwanza umekuwa ndoo na majirani.

Ama Marhubi, mimi singetaka ijengwe upya. Jumba la masuria bila ya Sultani litakuwa hoteli tu, na hoteli Unguja zinazo za kutosha. Beit al-Ajaib, iliyojengwa 1883 na Sultani huyo huyo, iliporomoka upande wake mmoja tarehe 25 Disemba 2020 huku ukarabati uliofadhiliwa na Oman ukiendelea, na watu wawili wakafa. Hiyo ndiyo inayodai fedha na mafundi kwanza. Nguzo za Marhubi zizibwe vichwa visinywe maji, miti midogo ing'olewe, ukuta wa bustani usichimbwe mawe. Yatosha.

Lakini nyumba ya familia iliyoungua mwaka huu, iwe Mkomani au Mji wa Kale wa Mombasa, haiwezi kungojea semina. Wiki ya kwanza kifusi kitolewe kwa mkono, milango ya nakshi na vipande vya lipu viwekwe kando. Kuta zitiwe magogo ya kuzizuia. Kichwa cha kila ukuta kifunikwe kwa turubai, au kwa makuti ikiwa turubai haipatikani, hata kabla warithi hawajaketi. Kisha waketi, na aliye Maskati apigiwe simu. Masika huanza mwishoni mwa Machi.